Ukigeuka mbwamwitu, nani atalipa?

Naomba nikukumbushe vile vibanda vya gemu vya uswahilini, miaka ile PlayStation ya kwanza ilipoingia mitaani. Chumba kimoja cha mbele ya nyumba, pazia badala ya mlango, TV mbili za inchi 14, benchi la mbao na jasho la watoto 15. Mwenye kibanda anakaa pembeni na kopo lake la hela. Shilingi 100 gemu moja, ukifungwa unampisha mwenzako, hakuna mjadala.

Pale kwetu gemu iliyokuwa inajaza watu ni Bloody Roar. Kwa wale ambao hawakuwahi kuiona, ni gemu ya ngumi kama Tekken, ila kila mpiganaji ana mnyama ndani yake. Kuna wa simba, kuna wa sungura, hata wa fuko yupo. Mimi nilikuwa mtu wa Yugo, kijana ambaye akigeuka anakuwa mbwamwitu. Unapigwa, unapigwa, damu yako inakaribia kuisha, halafu unabonyeza kitufe kimoja tu. Yugo anaunguruma, anaota manyoya, kibanda kizima kinapiga kelele, na yule aliyekuwa anakuonea anaanza kurudi nyuma. Raha yake, wee acha tu.

Jioni moja mshikaji wangu ambaye tulikuwa tunasoma darasa moja alinifunga mara 5 mfululizo. Mara ya 5 hata hicho kitufe sikuwahi kukibonyeza. Akageukia wenzetu, akawaambia mbwa wangu huyo anafaa kulinda kuku. Watu wakacheka ile mbaya. Mpaka leo sikumbuki vizuri kilichofuata. Ninachokumbuka ni pedi ikiwa mkononi mwangu, mshikaji kashika mdomo, na damu ya kweli, siyo ya kwenye TV. Jino la mbele lilikuwa limetoka.

Aliyelipa gharama za matibabu ni bi mkubwa wangu, kwa hela ya upatu aliyokuwa ameisubiri miezi 8. Hakunichapa. Aliniambia maneno mawili tu: hasira hasara. Akaenda zake jikoni.

Sasa utauliza, haya yote ya nini? Ni kwamba tangu siku ile nimecheza gemu kibao zenye huyu kiumbe, mtu anayegeuka mbwamwitu, na nimegundua kitu. Kuna gemu zinazokupa mnyama bure, na kuna gemu zinazokuletea bili. Hizo za pili ndizo zilizonikaa kichwani, na ndizo ninazotaka tuziongelee wiki hii.

MNYAMA MWENYEWE NI NANI?

Kwanza tuelewane. Sisi tukisema mbwamwitu tunamaanisha yule mwenye madoa na masikio makubwa ya duara, anayewinda kwa makundi kule Ruaha na Selous ya zamani. Wa kwenye gemu siye huyo. Wa kwenye gemu ni yule wa misitu ya Ulaya, mkubwa, wa kijivu, anayetazama mwezi na kulia. Lugha yetu imewapa jina moja kwa sababu huyo wa pili kwetu hayupo.

Hata hivyo wameunganishwa na kitu kimoja cha ajabu. Jina la kisayansi la mbwamwitu wetu ni Lycaon pictus. Huyo Lycaon, katika hadithi za Wagiriki wa kale, alikuwa mfalme wa Arcadia. Alitaka kumjaribu mungu wao mkuu, Zeus, akamwandalia nyama ya mtu mezani. Zeus akakasirika, akamgeuza mbwamwitu. Kwa hiyo mbwa wetu wa Ruaha anatembea na jina la mzee ambaye hata hamjui, kwa kosa ambalo hakulifanya.

Kanuni nyingi ambazo gemu zinazitumia hazikutoka Ugiriki lakini. Sehemu kubwa zilienea kupitia sinema, hasa The Wolf Man ya mwaka 1941 ya kampuni ya Universal. Mwandishi wake alikuwa Curt Siodmak, Myahudi aliyeondoka Ujerumani baada ya Hitler kushika madaraka. Humo yumo Larry Talbot, aliyeigizwa na Lon Chaney mdogo. Larry anarudi nyumbani kwao, anamsikia msichana akipiga kelele usiku, anakimbia kumwokoa, anang'atwa. Hakufanya kosa lolote. Mwishoni anauawa kwa bakora yenye kichwa cha fedha, tena mpigaji ni baba yake mzazi, ambaye wala hajui anampiga nani.

Shika hapo hapo msomaji, maana gemu nyingi zilichukua manyoya ya Larry zikamwacha baba yake.

KITUFE CHA BURE

Tuanze na hizo. Mwaka 1988 kampuni ya Sega ilitoa Altered Beast, gemu ambayo baadaye iliuzwa Marekani pamoja na mashine yao ya Genesis. Wewe ni askari wa Kirumi uliyekufa. Zeus, yule yule, anakufufua kaburini ukamwokoe binti yake Athena. Ukipiga mbwamwitu weupe wanadondosha mpira wa nguvu. Ukiokota wa kwanza misuli inavimba, wa pili inavimba zaidi, wa tatu unageuka mbwamwitu na kuanza kurusha moto. Steji nyingine unakuwa dubu, nyingine chui milia. Ukimshinda bosi, unarudi kuwa mtu na safari inaendelea. Zeus aliyemwadhibu Lycaon kwa kumgeuza mbwamwitu, hapa anakugeuza mbwamwitu kama zawadi!

Mwaka 1994 Capcom walikuja na Darkstalkers, ambayo Wajapani wanaiita Vampire. Humo kuna Jon Talbain. Liangalie hilo jina, Talbain, halafu mkumbuke Larry Talbot. Huyu ni bingwa wa sanaa za mapigano na nanchaku, anajifua ili amtawale mnyama aliye ndani yake. Wazo zuri sana. Lakini ukimchezesha, hakuna mahali unapoona mnyama akimshinda. Ni mpiganaji mwepesi mwenye miguu ya kasi, basi.

Halafu mwaka 1997 ndiyo ikaja Bloody Roar yetu, kazi ya Hudson Soft na Eighting. Yugo anatafuta ukweli kuhusu kifo cha baba yake, ila sisi pale kibandani hadithi hatukuijali. Tulijali kitufe. Ukigeuka mnyama unaongezeka kasi na nguvu, na juu ya hapo unarudishiwa damu kidogo. Hebu fikiria: unakasirika, halafu hasira zenyewe zinakutibu! Ukizidiwa kwa kipigo unarudi kuwa mtu, basi, adhabu imekwisha.

Sisemi gemu hizo ndizo zilizonifanya nimtoe mtu jino, msinielewe vibaya. Hasira nilikuja nazo mwenyewe. Ninachosema ni kwamba katika gemu hizo hakuna mtu mwingine zaidi ya mnaopigana. Hakuna mama mwenye hela ya upatu.

MEZANI, KWA DADU NA KARATASI

Upande wa pili wa hadithi haukuanzia kwenye TV. Ulianzia mezani, kwenye gemu za kuvaa uhusika, ambazo wenyewe wanaziita RPG. Kama hujawahi kuziona, ni hivi: watu 4 au 5 wanakaa pamoja, kila mmoja ana karatasi yenye sifa za mhusika wake, na mmoja wao ndiye msimulizi. Msimulizi anasema, "Mmefika kijijini usiku, milango yote imefungwa, mnafanyaje?" Kila mtu anajibu kwa mdomo, na pale penye bahati nasibu dadu inarushwa. Hakuna umeme, hakuna foleni.

Ya kwanza kuuzwa madukani ni Dungeons & Dragons, iliyotolewa na Gary Gygax na Dave Arneson mwaka 1974. Watu wanaogeuka wanyama walikuwamo tangu mwanzo. Katika kitabu cha majini na mazimwi cha mwaka 1977, Monster Manual, mtu-mbwamwitu ni adui anayeogopesha kwa sababu moja kubwa: akikung'ata mpaka ukapoteza nusu ya damu yako, na usife, umeambukizwa. Hapo ndipo shughuli inapoanza. Mhusika uliyemlea kwa miezi, ukampa jina na panga lake, sasa mwezi ukipevuka anaweza kuwararua marafiki zako, nao ndio hao mliokaa meza moja mnakula karanga. Mtu wa kwanza kumwogopa ni wewe mwenyewe.

Lakini waliolichukulia jambo hili kwa uzito kuliko wote ni kampuni ya White Wolf ya Marekani. Mwaka 1992 walitoa Werewolf: The Apocalypse, chini ya Mark Rein-Hagen, yule aliyekuwa ametoa ile ya wanyonya damu mwaka mmoja kabla. Humu watu-mbwamwitu si adui, ni ninyi wachezaji. Wanaitwa Garou. Ni wapiganaji wa dunia yenyewe, wanaoilinda dhidi ya uharibifu. Wana maumbo 5, kuanzia mtu kamili hadi mbwamwitu kamili, na hapo katikati kuna umbo la vita. Kila mmoja anapata kazi yake kulingana na mwezi uliokuwepo usiku aliozaliwa. Aliyezaliwa mwezi haupo ni mjanja na mchekeshaji, wa mwezi mwembamba ni mganga, wa nusu mwezi ni hakimu, wa mwezi unaokaribia kujaa ni msimuliaji na mwimbaji, na wa mwezi mpevu ndiye mpiganaji.

Sasa angalia walivyoitendea hasira. Katika karatasi yako kuna mstari umeandikwa hasira, na ina pointi, kama hela mfukoni. Ukizitumia vitani unapata kupiga mara nyingi kuliko mwenzako. Tamu hiyo. Lakini hasira zako zikizidi utashi wako, binadamu wa kawaida hawakukaribii. Hawajui kwa nini, ila wanakukwepa, na kila unapotaka kuongea na mtu vizuri unapunguziwa dadu. Ukikasirishwa unarusha dadu kwa idadi ya hasira zako, na zikikubali 4 umepagawa. Hapo humchezeshi tena mhusika wako kama unavyotaka. Anararua kilicho mbele yake, na kilicho mbele yake kinaweza kuwa rafiki. Na watu wa kawaida wakikuona katika umbo la vita wanarukwa na akili kwa hofu, wengi baadaye wanasahau au wanajitungia maelezo.

Kwa maneno mengine, hasira zinakupa nguvu vitani na zinakuachia nyumba tupu. Niliposoma kanuni hizo kwa mara ya kwanza, nikiwa mtu mzima, nilifunga kitabu nikakaa kimya kidogo. Maana baada ya lile tukio la jino, nilipokuwa nikiingia pale kibandani watu walikuwa wananisogelea mbali kwenye benchi. Nilidhani wananiheshimu.

SWARA ANAYEKULA SWARA

Ngoja tucheke kidogo. Wale White Wolf hawakuishia kwa mbwamwitu. Waliandika pia kuhusu watu wanaogeuka paka wakubwa, wanaoitwa Bastet, na kwa upande wa Afrika wakachovya kwenye Kiswahili. Wa simba wakawaita Simba, hapo hakuna neno. Walipofika kwa wanaogeuka duma, wale wenye mbio kuliko wote, wakawaita Swara!

Sasa msomaji unajua swara ni nani. Ni swala, kwa matamshi ya watu wengi wa Kenya. Ni chakula cha mchana cha duma. Ni sawa na kumwita paka wako Panya halafu ukashangaa majirani wanacheka. Wachezaji wa Ulaya na Marekani wamekaa mezani miaka na miaka wakinguruma kwa fahari kwamba wao ni Swara, na hakuna wa kuwaambia.

Nimelisema hili kwa wema. Angalau walijua kwamba binadamu anayegeuka mnyama si mali ya Ulaya peke yake. Kwetu hadithi za mtu-simba na mtu-fisi tumezisikia tangu utotoni, na hakuna hata moja kati ya hizo ambapo mtu anageuka bila majirani kuulizana usiku ule alikuwa wapi.

KABURI LA MTOTO

Turudi kwenye kompyuta. Kampuni ya Bethesda ilianza kuingiza ugonjwa huu wa mbwamwitu katika mfululizo wao wa The Elder Scrolls mwaka 1996, kwenye Daggerfall. Mwaka 2003 wakatoa Bloodmoon, nyongeza ya Morrowind, ambapo ukishaambukizwa unageuka usiku, na mtu akikuona unageuka tu, siri imevuja. Hata ukirudi kuwa mtu, watakushambulia popote.

Halafu Novemba 2011 ikaja Skyrim, na hii wengi mnaijua. Kuna chama cha wapiganaji kinaitwa Companions, katika mji wa Whiterun. Ukiwatumikia vizuri wakubwa wao wanakuita chini usiku, wanakupa damu ya mnyama unywe. Nilipofika hapo sikufikiria mara mbili. Moyoni nilikuwa nimerudi kibandani, kitufe changu nimekipata tena. Nikanywa.

Nikatoka nje, nikabonyeza katikati ya mji, mchana kweupe. Nilipata kama dakika 2 na nusu za kuwa mnyama, na ukitaka kuongezewa muda sharti ule maiti. Askari wakaja. Nilipotulia nilikuwa natafutwa kwa fidia ya dhahabu 1,000, na watu niliokuwa nikinunua kwao mkate wamelala chini. Wengine hawarudi, gemu haiwafufui. Isitoshe, tangu unywe ile damu, ukilala kitandani huamki na ile nafuu ya mtu aliyepumzika. Ni kakitu kadogo tu kanachoandikwa kwenye skrini, ila ukiwa umecheza usiku mwingi kanauma. Mnyama hakuachii usingizi.

Mkuu wa chama hicho ni mzee Kodlak. Wapiganaji wote wanamwogopa, naye anachotaka maishani kimebaki kimoja: kupona. Wazee wa zamani waliipokea ile damu kwa ajili ya nguvu, na kumbe kwa kufanya hivyo roho zao haziendi mbinguni kwa mashujaa, zinakwenda kuwinda milele kwa bwana wa wanyama, Hircine. Mzee anakufa kabla hajapona. Ni wewe unayekwenda kumfungua kaburini.

Lakini kisa kilichonishika ni kidogo zaidi, na wengi wanakipita. Uko mji wa Falkreath. Ukifika unawakuta mume na mke makaburini wanamzika binti yao mdogo. Anayeshikiliwa kwa mauaji hayo ni kibarua mmoja anaitwa Sinding, yuko mahabusu. Unakwenda kumwangalia ukitegemea jini, unamkuta mtu mwenye aibu. Anakueleza kwamba yeye ni mtu-mbwamwitu, kwamba aliiba pete ya Hircine akiamini itamsaidia kujitawala, kumbe ina laana, ikamgeuza asipotarajia, na aliyekuwa karibu alikuwa mtoto.

Hakusudii kukudanganya. Anajuta kweli. Na gemu inakuachia wewe: umuue na kumpelekea Hircine ngozi yake, au umlinde dhidi ya wawindaji waliotumwa, aishi porini mbali na watu. Ukimuua unapata vazi. Ukimwacha unapata pete, safari hii bila laana. Njia zote mbili zina zawadi, na njia zote mbili yule mtoto anabaki kaburini na wazazi wake wanabaki pale pale.

Nilimwacha hai. Sikujisifu. Nilipopita tena Falkreath nilizunguka kwa nyuma, nisiwakute wale wazazi. Mwenyewe nilijicheka, nawakimbia watu wa kwenye kompyuta! Lakini nilijua ninamkimbia nani. Mwaka ule wa jino, kwa miezi mitatu nilikuwa nazunguka mtaa wa tatu ili nisipite mbele ya nyumba ya kina mshikaji.

SKAFU YA DANYLA

Wapo walioliangalia jambo hili kutoka upande wa aliyekasirishwa. Mwaka 2009 kampuni ya BioWare ya Kanada ilitoa Dragon Age: Origins. Humo kuna msitu wa Brecilian, na jamii moja ya wale viumbe wenye masikio marefu inashambuliwa na watu-mbwamwitu. Kiongozi wao, mzee Zathrian, anakuomba ukamuue mbwamwitu mkubwa ili laana iishe.

Njiani unakutana na mmoja wa hao wanyama, naye hakurukii. Anaongea kwa shida. Ni mwanamke, anaitwa Danyla, ni wa kambi ile ile unayoisaidia. Mume wake aliambiwa na mzee kwamba amekufa. Anakupa skafu umpelekee mumewe, umwambie anampenda, na anakuomba umuue kwa sababu maumivu yamemshinda.

Ukichimba zaidi unajua laana ilitoka wapi. Karne nyingi kabla, binadamu waliokuwa wakiishi karibu na msitu walimuua mtoto wa kiume wa Zathrian na kumtendea unyama binti yake, hata akajiua. Zathrian akawalaani. Nani atasema hakuwa na haki ya kukasirika? Mimi siwezi. Ila waliomkosea walishakufa zamani, na wanaoteseka sasa ni watu ambao hawakuwa hata wamezaliwa, na juu yao watu wake mwenyewe, kama Danyla. Naye mzee ameishi miaka yote hiyo kwa sababu uhai wake umefungwa kwenye laana. Ikifutwa, naye anakwenda.

Ukipenda unaweza kuwafyeka wa upande mmoja na gemu ikaendelea. Mimi nilichukua njia ya kumbembeleza mzee mpaka akakubali kuachia. Akafa, laana ikaisha, na wale wanyama wakabaki watu wamesimama wanajitazama mikono. Ni hasira pekee katika gemu zote nilizocheza ambayo niliona mtu anaiweka chini mwenyewe.

BABA ALIYEONDOKA

Februari 2021 ile Werewolf ya mezani iligeuzwa gemu kamili ya mapigano, Earthblood, iliyotengenezwa na Cyanide ya Ufaransa. Mhusika ni Cahal, Garou aliyejihamisha mwenyewe baada ya hasira kumzidi, akamwacha binti yake kwa ukoo. Anarudi miaka baadaye kwa sababu binti yuko hatarini. Nilikaa mbele ya gemu hiyo na matumaini makubwa, maana kanuni za mezani ninazijua. Kusema kweli mapigano yake yamerudi kule kule kwetu: unajificha kidogo, unabonyeza, unageuka, unararua walinzi wa kiwanda, unatoka. Risasi za fedha zinakuumiza vibaya, ni kweli, ila hakuna anayesimama baada ya hapo kukuuliza.

Kilichonibakiza hadi mwisho ni yule binti. Baba anarudi akiwa na misuli na sababu zote, na mtoto anachotaka kujua ni kwa nini aliondoka. Hakuna kitufe cha kumjibu.

Mwaka jana nilimtafuta yule mshikaji. Ana duka la simu sasa, baba wa watoto watatu, na pale mbele ana jino la bandia ambalo usipojua huwezi kuligundua. Mimi najua. Tukaongea mambo mengi, mpira, maisha, nani kafa, nani kahama. Mwisho nikajikaza, nikamwambia kwamba nimekuja kumwomba radhi kwa lile jino, kwa sababu sikuwahi kumwomba. Bi mkubwa ndiye aliyekwenda kwao wakati ule, mimi nilijificha uani.

Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Siyo jino, mzee. Jino lilipona. Mimi nilikuwa naogopa kurudi kibandani."

Sikuwa na la kujibu. Tukakaa. Baadaye akamwita mwanawe mkubwa, ana miaka 11, akamwambia alete kompyuta yao. Kumbe ameiweka Bloody Roar humo, ya zamani vile vile. Nikachagua Yugo. Yeye akachagua sungura, kwa dharau. Akanifunga mara 3.

Bili ya bi mkubwa bado sijailipa. Upatu wa mwezi ujao ni zamu yangu, nimeshamwambia mweka hazina jina la kuandika.